Betri Kuukuu na Kiwanda Kinachomfikiria Jirani



Ni nadra siku hizi kuingia nyumba ya mwambao usikute betri mahali fulani: ndani ya gari lililoegeshwa nje, pembeni mwa sebule ikihifadhi nguvu za jua zinazoshuka kutoka paani, au dukani ikingojea stima ipotee. Tunazungumzia zile betri nzito za asidi, zenye vichwa viwili juu na maandishi ya kutuonya tusizilaze ubavu. Hudumu miaka miwili, mitatu, pengine mitano, kisha hufa. Hapo ndipo mnunuzi wa vyuma vikuukuu hupita na mkokoteni wake, tukapatana naye bei kizingitini, tukapokea noti zetu na kufunga mlango. Safu ya wiki hii inaifuata betri hiyo baada ya mlango kufungwa, kwa sababu huko iendako wako akina mama wengine na watoto wao.

Zaidi ya nusu ya uzani wa betri ni risasi. Hatukusudii ile ya bunduki, bali metali yenyewe, laini na ya kijivu, ambayo wavuvi wetu huifanyia chubwi za mishipi. Sehemu yake ni mabamba magumu, na sehemu nyingine ni uji mzito ambamo risasi imeshikamana na salfa. Kinachobaki ni asidi na kasha la plastiki. Kwa hakika hakuna kitu hapo kinachostahili kutupwa. Risasi huyeyushwa na kutumika tena na tena bila kupoteza sifa zake, na katika nchi za Ulaya na Marekani karibu betri zote za magari hurudi viwandani zikageuzwa betri mpya. Kwa hiyo kurejeleza betri ni jambo jema kwa asili yake, na msomaji asidhani kwamba tunalipinga. Neno letu ni juu ya namna linavyofanywa.

Kati ya Novemba 2007 na Machi 2008, watoto 18 walifariki katika kitongoji cha Thiaroye-sur-Mer, pembezoni mwa jiji la Dakar nchini Senegal. Ni kitongoji cha pwani kama vyetu. Kwa miaka mingi watu walikuwa wakivunjia betri mahali pale, na vipande vya risasi vikazama mchangani. Bei ya risasi ilipopanda, wanawake walijitokeza na vyekecheo vyao kuuchekecha mchanga ule ili wapate kuuza vipande, na baadhi yao waliubeba hadi majumbani kwa magunia. Hawakuwa wazembe wala wajinga. Walikuwa wakitafuta riziki karibu na watoto wao, jambo ambalo mama yeyote angelichagua. Madaktari walipowapima ndugu wa marehemu na mama zao, wakakuta damu zao zimejaa risasi kwa kiasi cha kutisha.

Hatuhitaji hata kusafiri hadi Senegal. Owino Uhuru iko Mikindani, hapa hapa Mombasa, na kiwanda cha kuyeyushia betri kilifanya kazi ukutani mwa nyumba za watu kuanzia mwaka 2007 hadi kilipofungwa mwaka 2014. Bi. Phyllis Omido, aliyeajiriwa kiwandani humo, alimwona mtoto wake mchanga akiugua ugonjwa usioeleweka, hadi vipimo vilipoonyesha kwamba ni risasi. Aliacha kazi, akaanza kuwakusanya majirani, akakamatwa, akatishwa, wala hakurudi nyuma. Mwaka 2015 alitunukiwa Tuzo ya Goldman ya mazingira. Mwaka 2020 mahakama ya mazingira mjini Mombasa iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3. Kesi hiyo ilipanda kwa rufaa hadi Mahakama ya Juu, ambayo mnamo Desemba 2024 iliurudishia nguvu uamuzi ule wa kwanza. Fedha zina maana yake, lakini hakuna hakimu awezaye kuamuru akili ya mtoto irudi ilivyokuwa.

Tuseme wazi kwa nini. Mwili huidhania risasi kuwa kalisi, ile inayojenga mifupa na meno, nao huihifadhi mifupani kwa miaka na miaka. Mwanamke apatapo mimba, mwili wake huchota kalisi kutoka mifupani ili kumjenga mtoto, na pamoja nayo huchota risasi iliyolala humo, pengine tangu alipokuwa msichana. Kondo la nyuma haliizuii. Mtoto mchanga naye, kwa kutambaa na kutia vidole mdomoni, huokota vumbi ambalo mtu mzima hapati hata kuliona, na tumbo lake hufyonza sehemu kubwa zaidi ya kile alichomeza kuliko tumbo letu. Matokeo yake si lazima yawe kifo. Mara nyingi ni mtoto asiyetulia, anayechelewa kusema, anayeshindwa darasani, na nyumba nzima ikamwita mtundu au mzito. Shirika la Afya Duniani limesema kwamba hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama.

Sasa tutazame kazi yenyewe jinsi inavyofanywa pasipo mpango. Betri hupasuliwa kwa shoka. Asidi humwagwa chini, nayo huchukua risasi iliyochanganyika nayo na kuipeleka mtaroni. Mabamba na uji hutiwa pamoja ndani ya tanuri lenye mkaa na vipande vya chuma, na kwa kuwa uji una salfa, unahitaji joto kali sana, zaidi ya nyuzi 1,000, hali risasi tupu huyeyuka kwa nyuzi 327 tu. Joto hilo hupeperusha mvuke wa risasi na moshi wa salfa unaowasha macho na kubana kifua. Mabaki magumu yanayotolewa tanurini bado yana risasi ndani yake, nayo hutupwa nyuma ya ukuta, mahali mvua itakapoyafikia. Wenye mali wakilalamikiwa sana, hurefusha bomba la moshi. Sisi hilo la bomba huwa linatushangaza, kwa maana moshi haupungui. Unabadilishiwa jirani tu.

Wanakemia wawili wa Marekani, Paul Anastas na John Warner, waliandika mwaka 1998 kitabu kilichoweka kanuni 12 za ile inayoitwa kemia ya kijani. Kanuni ya kwanza inasema kwamba ni heri kuzuia taka isizaliwe kuliko kuisafisha ikishazaliwa. Mkaazi wa pwani atasema kwamba bibi yake alilijua hilo, na atakuwa amesema kweli. Lakini neno hilo lilikuwa zito kwa wenye viwanda, waliozoea kusanifu mchakato kwanza na kuuliza baadaye uchafu utakwenda wapi. Kuligeuza swali, likaulizwa siku mhandisi anapoketi na karatasi tupu mbele yake, ndiyo maana halisi ya usanifu endelevu.

Na kwa upande wa betri, swali liligeuzwa na likapata jibu. Katika viwanda vilivyosanifiwa vyema, betri husagwa nzima ndani ya mashine iliyofunikwa, si kwa shoka. Vipande huingizwa katika maji, na kila kimoja hujitenga kwa uzito wake: plastiki huelea, risasi huzama, uji huchujwa peke yake. Plastiki huoshwa na kutengenezewa makasha mapya. Asidi haimwagiki, hukusanywa.

Kisha inakuja hatua inayotupendeza kuliko zote. Badala ya kuupeleka uji tanurini na salfa yake, huukoroga kwanza pamoja na maji na soda. Soda hiyo ni ndugu wa magadi tunayolainishia maharagwe jikoni, ile inayosafishwa na kuuzwa kwa viwanda. Kenya yetu huichimba katika Ziwa Magadi, Kaunti ya Kajiado, na kuisafirisha nje kupitia bandari ya Mombasa. Ndani ya pipa, vitu viwili hubadilishana wenzi: salfa iliyokuwa na risasi humfuata sodiamu, nayo risasi huchukua kaboni na oksijeni ya soda. Chumvi inayozaliwa, salfeti ya sodiamu, huyeyuka katika maji, ikachujwa, ikakaushwa ikawa fuwele nyeupe. Inauzwa kwa nani? Kwa watengenezao sabuni za unga na vioo. Salfa ambayo ingekuwa moshi machoni mwa mtoto wa Mikindani inaishia ndani ya karai la kufulia.

Uji uliobaki bila salfa hauhitaji tena joto lile kali. Tanuri hufanya kazi kwa nyuzi za chini zaidi, hutumia kuni au mafuta machache, hutoa mvuke mdogo, na mabaki yake magumu hupungua. Kidogo kinachopanda hewani hunaswa na mifuko ya chujio, na vumbi lile lile hurudishwa tanurini kwa sababu nalo ni risasi, nalo ni mali. Jengo zima hufungwa na hewa ikavutwa kwa ndani, hata mlango ukifunguliwa hewa huingia badala ya kutoka. Angalia basi jinsi hatua moja ya mwanzo, ya kuondoa salfa, ilivyopunguza mzigo wa kila hatua iliyoifuata.

Jambo jingine katika usanifu huo linawahusu wake na mama moja kwa moja, nalo ni nguo. Mfanyakazi wa risasi akirudi nyumbani na nguo zake za kazi, amerudi na kiwanda. Mke huzikung'uta, huzifua pamoja na nepi, na mtoto humrukia baba yake mlangoni kabla hajanawa. Kiwanda kilichofikiriwa huwa na chumba cha kuoga kati ya milango miwili, na nguo hufuliwa humo humo. Jambo hili si la anasa wala la hisani. Ni sehemu ya mtambo kama tanuri lilivyo sehemu yake.

Huenda msomaji akadhani kwamba mambo haya ni ya viwanda vichafu peke yake. Basi na tuitazame dawa iliyomo katika makabati ya wengi wetu, ibuprofen, tunayoinywa kwa maumivu ya kichwa, ya mgongo na ya siku za mwezi. Iligunduliwa na kampuni ya Boots huko Nottingham, Uingereza, mwanzoni mwa miaka ya 1960. Njia ya kwanza ya kuitengeneza ilipitia hatua sita, na kati ya atomu zote zilizoingia katika mapipa, ni chini ya asilimia 40 tu zilizofika kwenye kidonge. Zilizobaki zilikuwa taka. Fikiria mpishi anayenunua kilo kumi za mchele na kumwaga zaidi ya sita. Mnamo mwaka 1992 kiwanda kipya kilianza kazi Texas, Marekani, kwa njia ya hatua tatu tu, ambapo asilimia 77 ya atomu hufika kwenye dawa, na takribani zote hupata matumizi ukihesabu asidi ya siki inayozalishwa pembeni na kuuzwa. Njia hiyo ilipata tuzo ya Rais wa Marekani ya kemia ya kijani mwaka 1997. Kidonge ni kile kile, maumivu ni yale yale; kilichobadilika ni yaliyofanyika kabla ya kidonge kutiwa katika pakiti.

Hata hivyo njia hiyo mpya hutumia kichocheo cha asidi kali mno ya floraidi, inayounguza hadi mfupa, ingawa huzungushwa na kutumika tena ndani ya mtambo. Tumelitaja hili ili neno kijani lisitulevye. Mchakato hupimwa kwa kulinganishwa na ule ulioutangulia, na hata ulio bora una mahali pa kuulizwa.

Swali linalofuata ni juu ya kinachowekwa akiba. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Desemba 1984, katika mji wa Bhopal nchini India, gesi ya sumu ilivuja kutoka tangi la kiwanda cha dawa za kuua wadudu, na maelfu ya watu wakafa, wengi wao wakiwa wamelala katika vibanda vilivyopakana na ukuta. Gesi ile haikuwa bidhaa ya kuuzwa. Ilikuwa kitu cha katikati, cha kutengenezea kitu kingine, nayo ilihifadhiwa kwa makumi ya tani ingawa ingeweza kutengenezwa kidogo kidogo na kutumika papo hapo. Mhandisi Mwingereza Trevor Kletz alikuwa akiwaambia wenzake tangu miaka ya 1970 kwamba kitu usichokuwa nacho hakiwezi kuvuja. Baada ya Bhopal viwanda vingine vilisanifiwa upya, gesi hiyo ikawa inazaliwa na kumalizika ndani ya bomba lile lile.

Kama elimu ipo, mbona bado betri zinapasuliwa kwa shoka? Jibu halipendezi. Anayepasua kwa shoka hana gharama ya chujio, hana chumba cha kuoga, halipii mtaalamu, kwa hiyo aweza kumpa mwenye mkokoteni bei nzuri kuliko kiwanda halali. Mwenye mkokoteni naye huja mlangoni petu na zile shilingi mia mbili za ziada, nasi tunamwona mtu mwema. Zile mia mbili zimetoka mahali. Zimetolewa katika damu ya mtoto asiyekuwapo tulipokuwa tukipatana. Kiwanda kinachofanya haki hukosa betri na kufunga milango, na kisichofanya haki hustawi. Basi tusiwalaumu wahandisi peke yao.

Sheria za nchi si haba. Kifungu cha 42 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya, na sheria ya mazingira ya mwaka 1999 inadai tathmini ya athari kabla ya kiwanda cha namna hii kujengwa, na wananchi wapewe nafasi ya kutoa maoni. Sheria ya usimamizi endelevu wa taka ya mwaka 2022 imekwenda mbele zaidi, ikamtwika mtengenezaji na mwingizaji wa bidhaa wajibu wa kile kinachobaki baada ya matumizi. Lakini nafasi ya maoni hutangazwa kwa lugha ngumu gazetini, na katika mikutano mara nyingi huketi wanaume wachache, wakaulizwa kama wanataka ajira. Nani asiyetaka ajira?

Twaomba akina mama wahudhurie, na wasione haya kwa kutojua kemia. Maswali ya kuuliza ni ya jikoni kabisa. Kinachoingia kiwandani kwa siku ni kiasi gani, na kinachotoka kama bidhaa ni kiasi gani, na ile tofauti inakwenda wapi? Maji ya kuoshea yanamwagwa wapi? Ni kitu gani cha hatari kitakachowekwa akiba, na kwa nini kiwe kingi hivyo? Nguo za wafanyakazi zitafuliwa na nani? Damu za watoto wa mtaa zitapimwa kabla kiwanda hakijawashwa, ili baadaye tuwe na cha kulinganishia? Mwenye mradi aliyesanifu vyema atajibu hapo hapo kwa tarakimu. Atakayesema kwamba bomba litakuwa refu, ameshajibu.

Nyumbani napo yako ya kufanya. Betri kuukuu isikae chumbani wala barazani wanapochezea watoto, na isifunguliwe kwa sababu yoyote. Unaponunua mpya, irudishe ile ya zamani dukani. Maduka mengi huipokea na kupunguza bei, na muulize muuzaji anaipeleka kiwanda gani, hata kama ataona unamsumbua. Waishio karibu na mahali palipowahi kuyeyushwa metali wapanguse sakafu kwa kitambaa kibichi badala ya kufagia, maana ufagio hulirusha vumbi hewani, na watoto wanawe mikono kabla ya kila mlo. Chakula chenye madini ya chuma na kalisi, kama vile dagaa, maharagwe, mboga za majani na maziwa, hupunguza kiasi cha risasi ambacho mwili hufyonza. Anayenyonyesha na akawa na shaka aende hospitali akapimwe, wala asimwachishe mtoto kwa hofu kabla ya kushauriwa.

Na kwa kuwa tumeitaja risasi, tusiupite wanja. Wanja wa manga wa asili hudhaniwa kuwa jiwe la antimoni, lakini wanja mwingi uliopimwa katika nchi mbalimbali umekutwa na salfidi ya risasi, jiwe jeusi linalong'aa vivyo hivyo, na macho hayawezi kuyatofautisha. Mtu mzima ataamua nafsi yake. Ila mtoto mchanga anayepakwa machoni na kwenye nyusi siku ya arobaini hujisugua kwa viganja, kisha viganja hivyo huenda mdomoni.